Haidropleni siyo ndege: tuelezane kuhusu boti ndogo za mbio na injini zake za kupachika

Siku hizi mbili tatu kuna klipu imezunguka sana kwenye magrupu, wengi mmeiona, chombo kinakuja kasi juu ya ziwa, ghafla omo, yaani pua ya boti, inanyanyuka, kinapanda hewani, kinapinduka kinyumenyume na kuchoma maji kwa pua. Ubishi ukaanza hapohapo. Mmoja anasema hiyo ndege ya kutua majini imeshindwa kuruka, mwingine anasema ni boti ya jeti, mwingine kaandika haidropleni maana yake ni ndege ya maji, na kuna aliyesema ni hizihizi mashine za wavuvi zikichezewa ndo zinafanya hivyo. Mimi nimekulia kwenye karakana ya baba mdogo pale Tanga akitengeneza mashine za boti, na historia ya boti ndogo za mbio ni kitu nakipenda tangu nipo shule ya msingi, kwa hiyo naomba tuende taratibu, maana kila mmoja wenu kashika kipande cha ukweli.

Klipu yenyewe, ile ya nyeusi na nyeupe, ni Bluebird K7 ya Mwingereza Donald Campbell, ziwa la Coniston Water, tarehe 4 Januari 1967. Ilikuwa na injini ya jeti na ilikuwa imepita kilomita 480 kwa saa, alikuwa anatafuta rekodi ya dunia na alifariki palepale. Ni haidropleni kweli. Lakini ile ni chombo cha mtu mmoja kutafuta rekodi, haihusiani na mchezo ninaotaka kuwaeleza leo, mchezo wa boti ya mbao ya futi 10 au 11, injini ndogo ya kupachika, na dereva aliyepiga magoti.

Tuanze na maneno maana ugomvi wote umetokea hapo. Injini za boti kwa kifupi ziko za aina mbili. Kuna ya ndani, imefungwa ndani ya chombo kama injini ya gari ilivyo kwenye boneti, shafti inatoboa chini kwenda kwenye propela. Na kuna ya kupachika, hii mnayoijua wote, inaning'inia nyuma kwenye tezi, kichwa juu mguu majini, jioni unalegeza skrubu mbili unaibeba begani unaenda kulala nayo ndani isiibiwe. Haidropleni siyo injini wala siyo ndege, ni umbo la boti. Ni boti ambayo tumbo lake limetengenezwa ili ikishika kasi ipande juu ya maji na kuyagusa kidogo sana. Aliyechanganya na ndege hana kosa kubwa, miaka ile ya mwanzo hata Waingereza na Wamarekani wenyewe walikuwa wanalitumia neno hilohilo kwa ndege za kutua majini. Kuna na ndugu yake mwingine, haidrofoili, ile yenye miguu kama mabawa inayobaki chini ya maji huku boti yote iko juu. Hiyo ni mada nyingine, tuiache.

Sasa kwa nini ipande juu ya maji? Angalia mtumbwi uliojaa. Ukienda polepole unayasukuma maji pembeni, maji yenye uzito sawa na wewe na mtumbwi wako na samaki wako wote, ndo ukubwa wa kazi unayofanya. Ukiongeza nguvu unatengeneza wimbi kubwa zaidi mbele yako na unakuwa kama unapanda mlima wa maji ulioujenga mwenyewe. Ndiyo maana kuweka mashine kubwa kwenye chombo kizito kunakula mafuta tu, mwendo hauongezeki wa maana. Halafu mkumbuke utotoni tulivyokuwa tunaokota jiwe bapa ufukweni tunalirusha kwa pembeni, linaruka pa, pa, pa, mara tano mara sita kabla ya kuzama. Jiwe ni zito kuliko maji lakini likiwa na kasi na likalala vizuri maji yanakuwa kama sakafu. Boti ya kupanda ni jiwe hilo, isipokuwa yenyewe ina injini nyuma inayoisukuma, kwa hiyo hailazimiki kuzama.

Mwanzoni mafundi walikata ngazi moja chini ya boti, yaani tumbo lina kidato katikati, ikipanda inakaa sehemu mbili tu, kwenye kile kidato na nyuma. Ilikwenda, ila ikipata wimbi inaruka hovyo na kwenye kona inayumba. Ndo miaka ya 1930 Adolph Apel na karakana yao ya Ventnor kule New Jersey wakaleta umbo ambalo mpaka leo ndo linatawala, pointi tatu. Mbele pembeni kuna kama mabega mawili yameshuka chini, kulia na kushoto, wenyewe wanayaita sponsoni, na nyuma kuna sehemu ndogo ya mkia karibu na propela. Ikikolea mwendo boti nzima imekaa juu ya hizo nukta tatu, kama jiko la mafiga.

Watu wa pwani mtasema aah, hiyo ngalawa. Kwa mbali inafanana, ila kazi ni tofauti na hapa ndo wengi wanakosea. Zile mbao mbili za pembeni za ngalawa ni za kuizuia isilale, mwili wenyewe ndo unaobeba mzigo. Kwenye haidropleni yale mabega ndo yanabeba, na mwili wa katikati hautakiwi kugusa maji kabisa. Katikati ya mabega hayo kuna uwazi, hewa inaingia kwa kasi inabanwa pale chini na yenyewe inasaidia kuibeba boti, yaani dereva amekalia nusu maji nusu upepo. Na hapo ndo mnapata jibu la klipu. Mmeshaona bati la nyumba linavyofanya siku ya upepo mkali, limetulia tu mpaka upepo upate kaupenyo chini ya ukingo, ukishaingia bati lote linaondoka na misumari yake. Omo ikinyanyuka kidogo kupita kiasi, kwa wimbi au kwa upepo wa mbele, hewa inapata nafasi kubwa chini na boti inaondoka kama bati. Siyo lazima injini ifeli wala ichezewe, hata kila kitu kikifanya kazi inatokea, ndo inavyokuwa ukikimbia kwenye mpaka kati ya kugusa maji na kutoyagusa.

Haya, injini sasa. Wako waliotengeneza za kupachika kabla yake, lakini aliyezifanya ziwe biashara ya watu wengi ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Wisconsin, Marekani. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mwaka 1906 walikuwa pikiniki ziwani, mchumba wake Bess akatamani aiskrimu, jamaa akapiga makasia kuvuka ziwa kwenda kununua, jua kali, anarudi aiskrimu imeshakuwa uji. Mwaka 1909 alikuwa anauza injini ya HP 1.5 yenye uzito wa kama kilo 28. Bess ndo alikuwa anaendesha ofisi na matangazo, na kwa maoni yangu mama huyu anastahili kutajwa kila anapotajwa mume wake. Mwaka 1921 wakaleta sokoni injini nyingine, Elto, silinda mbili, aluminiamu nyingi, nyepesi zaidi. Ndugu wa familia ya Johnson kule Indiana nao wakatoa ya kwao ya kama kilo 16, halafu mwaka 1925 wakatoa ya HP 6. Namba 6 leo inaonekana ndogo, lakini ile ndo iliyofungua mlango, maana ilikuwa na nguvu ya kutosha kupandisha boti nyepesi juu ya maji. Kabla ya hapo injini ya kupachika ilikuwa mbadala wa kasia. Baada ya hapo ikawa kitu cha kushindania.

Na wakashindana kweli. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 Marekani ilikuwa na wazimu wa mbio hizi, wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa na timu zao, na binti wa California, Loretta Turnbull, alikuwa anawashinda wanaume na boti zake za Sunkist Kid mpaka akaenda kukimbia Italia. Kulikuwa na mbio za mto Hudson kutoka Albany mpaka New York, maili kama 130, yaani zaidi ya Dar mpaka Morogoro, umepiga magoti kwenye kiboti cha mbao, mawimbi ya meli yanakuja na magogo yanaelea mbele yako. Wengi walioanza hawakumaliza. Nikiwaza magoti tu nakosa cha kusema, na wala hawakuwa wanalipwa.

Kwa nini wanapiga magoti? Swali hili naulizwa sana. Uzito wa dereva ni sehemu kubwa ya uzito wote, pengine yeye ni mzito kuliko boti bila injini. Kwa hiyo mwili wake ndo rimoti. Kutoka mwanzo analala mbele kabisa kifua karibu na usukani ili omo ishuke boti ipande haraka, ikishapanda anarudi nyuma kidogo kidogo kuipunguzia maji, kwenye kona anatupa mwili ndani. Ukiwa umekaa kitako huwezi kufanya hivyo. Mkono wa kulia uko kwenye usukani, wa kushoto umebana kifyatuo cha mafuta, na hicho kifyatuo kina springi, ukikiachia injini inashuka yenyewe, ili dereva akirushwa nje boti isiendelee kukimbia bila mtu. Breki hakuna. Gia hakuna pia, injini za mbio za zamani ikiwaka tayari unaondoka, ndiyo maana mnaona kwenye picha watu wawili wamesimama majini mpaka kiunoni wameshika boti huku dereva anazungusha kamba kwenye gurudumu la juu la injini na kuivuta.

Mwanzo wa mbio nao unawachanganya watu, wanauliza mbona wanazunguka zunguka hawaanzi. Boti isiyo na breki huwezi kuipanga kwenye mstari isubiri filimbi. Kuna saa kubwa pembeni, inahesabu sekunde 60 za mwisho, wote wanazunguka wakitafuta nafasi na ujanja ni kuvuka mstari ukiwa umeshafungua mafuta yote sekunde ileile saa inafika sifuri. Ukiwahi hata kidogo umetolewa. Ni kama kupokezana kijiti, mpokeaji anaanza kukimbia kabla hajapewa. Kona zote ni kushoto, boti ina pezi dogo la chuma pembeni linaloshika maji isiteleze, na ukiwa nyuma ya mwenzio huoni kitu, mkia wa maji anaourusha unakupiga usoni kama umefungulia bomba la zimamoto. Pointi zenyewe ni 400 kwa wa kwanza, 300 wa pili, 225 wa tatu, 169 wa nne, kila mmoja anapata robo tatu ya aliyemtangulia, kwa hiyo anayefika wa pili kila mara anaweza kumshinda aliyeshinda mara moja halafu injini ikamzimikia.

Vita Kuu ya Pili ikasimamisha kila kitu, mafuta ya mgao, viwanda vikawa vya jeshi. Baada ya vita ndo ikaja enzi ambayo wazee wengi wa mchezo huu wanaikumbuka kuliko zote, na mtu wa katikati ni Carl Kiekhaefer. Mwaka 1939 alinunua kiwanda kidogo Cedarburg, Wisconsin, nia yake ilikuwa vitu vingine kabisa, lakini ndani akakuta injini za kupachika kama 300 zilizokataliwa na mteja kwa ubovu. Akazifungua, akazirekebisha, yuleyule mteja akazichukua na kutaka nyingine. Mwaka 1940 akatoa za kwake kwa jina la Mercury. Baada ya vita akatoa ambayo kwenye karatasi imeandikwa HP 10 ila watu wakaifunga na kukuta inazipita zote za daraja lake, ikafuata modeli ya KG7, halafu zile zenye herufi H mwishoni ambazo zilikuja na mguu mwembamba wa mbio unaopasua maji kirahisi.

Hapo ndo chama cha mbio za boti cha Marekani, APBA, ambacho kipo tangu 1903, kikaingiza mbio za stoku. Stoku maana yake injini kama ilivyotoka dukani, hairuhusiwi kuchonga silinda wala kubadili pistoni. Ukishinda, wanaifungua mbele yako wanapima. Madaraja yanatokana na ukubwa wa silinda, A ni inchi za ujazo 15, B ni 20, D ni 40. B kwa lugha ya pikipiki ni kama cc 328, yaani bodaboda mbili na kidogo, na miaka ya 1950 hiyo cc 328 ilikuwa inasukuma boti na mtu karibu kilomita 100 kwa saa juu ya maji. Watoto nao wakapewa daraja lao. Boti unaweza kununua au kujenga mwenyewe, Hal Kelly alichora ramani zikasambaa, watu wakachonga plaiwudi gereji usiku baada ya kazi. Fundi bomba, mwalimu, mwenye duka la mkate. Ijumaa jioni boti juu ya trela, watoto siti ya nyuma, mama ndo ameshika stopwochi. Kwangu mimi huo ndo moyo wa historia hii, injini ya kuvulia samaki siku za kazi ndo hiyohiyo ya mbio Jumapili.

Hapa niondoe na mkanganyiko mwingine. Zile boti kubwa za Seattle na Detroit zenye kunguruma kama radi, hizo ni haidropleni za injini ya ndani, miaka ile zilifungwa injini za ndege za kivita, Allison na Rolls-Royce Merlin, na baadaye tabaini za helikopta. Kikombe chao cha Gold Cup kipo tangu 1904. Ni mchezo wa wenye pesa na wadhamini. Ukimsikia mzee wa Kimarekani anasema alikimbiza haidropleni akiwa na miaka 14, hazungumzii hizo.

Pembeni ya stoku kulikuwa na upande wa pili, wa spiriti. Huko ruksa kuchonga, ruksa kubadili, na mafuta ni methanoli. Kuna mtu aliandika kwamba injini zilikuwa zinakunywa pombe. Jamani, methanoli siyo pombe ya kunywa, ndiyo hiyohiyo ambayo ikiingia kwenye gongo watu wanapofuka na kufa, tena moto wake mchana hauonekani kwa macho. Waliitumia kwa sababu inaipoza injini sana inapoingia, kwa hiyo unaweza kubana mgandamizo juu bila pistoni kuyeyuka. Ila ina tatizo moja, oili ya kawaida haichanganyiki nayo, na injini ya tustroku bila oili kwenye mafuta ni chuma kinasaga chuma. Kinachochanganyika vizuri ni mafuta ya nyonyo. Hayahaya ya nyonyo ambayo bibi zetu wanapaka nywele na kuwanywesha watoto tumbo likifunga. Yakiungua yanatoa harufu nzito, tamu tamu kidogo, na hakuna mzee wa mbio hizi utakayemuuliza kumbukumbu yake ya kwanza asiitaje harufu hiyo kabla ya jina la mtu yeyote.

Kwenye spiriti Wamarekani hawakutamba peke yao. Waingereza walikuwa na injini za Anzani, na kutoka Berlin alikuja Dieter König na injini zake ambazo kuanzia miaka ya 1950 ziliwapa watu tabu miaka mingi. Mnaopenda pikipiki sikilizeni hili, injini ya boti ya König ya silinda nne ndo Kim Newcombe wa New Zealand aliifunga kwenye pikipiki akamaliza wa pili dunia nzima daraja la cc 500 mwaka 1973, alishafariki kwenye ajali kabla msimu haujaisha. Kule Quincy, Illinois, O.F. Christner naye alichukua Mercury akazigeuza za spiriti mpaka ukizitazama hujui zilianzia wapi. Na upande wa rekodi, Hu Entrop wa Seattle mwaka 1958 alipita maili 107 kwa saa, mwaka 1960 akafika karibu 123, yaani karibu kilomita 198 kwa saa, injini ya kupachika hiyo.

Kuna aliyeuliza kama injini kubwa zaidi si ndo ingeshinda basi. Madaraja yanazuia, lakini hata bila madaraja jibu ni hapana, ukiongeza kilo 20 nyuma mabega ya mbele yanakuwa mepesi na unarudi kwenye bati na upepo. Propela ilikuwa na thamani kuliko HP. Kuna watu walikuwa wanatembea na sanduku la propela nane tisa zimefungwa kwenye matambara, zote ukiziangalia ni sawa, mwenyewe anapitisha kidole gumba kwenye ukingo anakwambia hii ya maji yaliyotulia, hii ya upepo. Tofauti ni unene wa kucha. Baba mdogo alikuwa hivyohivyo na mashine za wavuvi, anapiga tupa kidogo, anashika, anasikiliza kwa kidole.

Evinrude walifunga mlango mwaka 2020. Mercury wapo. Zile za zamani wenyewe wamezihifadhi, klabu ya wapenzi wa injini kongwe za kupachika ipo Marekani tangu 1965, na kila majira ya joto wanazitoa, siyo kushindana tena bali kuzikimbiza taratibu ziwani mbele ya wajukuu. Mzee anaingia majini na buti ndefu. Anamimina kopo lake la methanoli na nyonyo, anazungusha kamba mara moja na nusu kwenye gurudumu, anavuta, hakuna kitu. Anatoa plagi, anaifuta kwa shati, anairudisha. Anavuta tena, moshi wa kibuluu unatoka, na wale wote waliokuwa wanapiga stori nyuma kwenye viti wanageuka kwa pamoja maana harufu imewafikia.